Dalali Asemaye Hapana

9 Februari

Dada yangu,

Leo inatimia miaka sita tangu niondoke hapo na lile begi lililofungwa kwa kamba. Nimeamka mzima, mgongo tu ndio unaolalamika, na mgongo wangu sasa unalalamika kama mama mkwe, kila siku na hata bila sababu. Hujambo? Shemeji hajambo? Watoto bado wanagombania dirisha? Mama mpe salamu zake peke yake, usizichanganye na za wengine.

Huku tunamwaga zege la ghorofa ya tisa. Chumbani tuko wanane, vitanda juu kwa juu. Nakuandikia nikiwa nimelala chali, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Simu najua ipo, lakini kwenye simu tunaishia kuulizana "unanisikia?" mpaka muda unakwisha, na wenzangu saba wanasikiliza. Jambo hili nataka uliketie.

Nataka nyumba. Nimeamua. Na dalali nimeshampata: mjomba. Ameniandikia kwamba tangu aache ukondakta wa basi ameingia kwenye kazi ya udalali wa nyumba, na amenihakikishia kuwa mimi ndiye mteja wake wa kwanza. Damu nzito kuliko maji. Mgeni atatuibia, mjomba hawezi.

Nyumba iwe ya ghorofa. Hata moja inatosha. Iwe na roshani inayotazama barabarani, ili mtu akipita aulize ni ya nani. Miaka sita napanda ngazi za watu na ndoo begani. Sasa nataka ngazi zangu mwenyewe, nizipande mikono mitupu.

Msaidie mjomba, wewe ndiye macho yangu.

Mdogo wako


6 Machi

Mdogo wangu Kifimbo,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya kidole cha saruji kwenye bahasha. Watoto wameigombania hiyo badala ya dirisha. Sisi wazima. Shemeji yako anakusalimu, anasema ukirudi umletee viatu, sijui kwa nini anadhani huko viatu vinaokotwa. Mimi nipo na cherehani yangu hapa barazani, sare za shule zimenijaa mpaka magotini. Mama yupo. Anakula vizuri. Salamu zake nilimpa peke yake, akazifunga kwenye ncha ya kanga.

Sasa mjomba. Tunampenda, wewe unajua. Lakini ngoja nikuambie alivyokuja juzi. Viatu vipya, tai, na mkoba wa ngozi ambao watoto waliufungua wakakuta kalamu na mswaki. Akasimama hapa barazani akaanza kuzitangaza nyumba zake kama vituo vya basi: "Vyumba vinne, vinne, na uzio! Bado nafasi moja, tunaondoka!" Wateja wangu wa sare walicheka mpaka mmoja akachomwa na pini. Nikamuuliza, mjomba, hiyo ya vyumba vinne paa lake likoje? Akasema hajaingia ndani, ameiona akiwa barabarani. Nikamuuliza amewahi kuuza ngapi. Akasema, "Mpwa wangu, nimebeba abiria maisha yangu yote. Nyumba ni nini? Ni basi lililosimama."

Mimi nina mtu mwingine wa kukupendekezea. Yuko mama mmoja mtaa wa nyuma ya soko, anafanya udalali tangu sisi hatujaota meno ya utu uzima. Jina lake wengi wamelisahau, wanamwita Bi Hapana. Ukimpelekea nyumba unayoitaka, anakwenda kuiangalia, anarudi, anasema "hapana" na kukupa sababu. Jirani yangu muuza vitambaa alikataliwa nyumba nyingi mpaka akanuna. Leo anakaa kwenye nyumba aliyokubaliwa na hajawahi hata kubadilisha bati.

Nilikwenda kwake. Hakuniuliza unataka nyumba ya namna gani. Aliuliza, "Nani atalala humo?" Nikasema ndugu yangu. "Lini?" Nikasema hajaniambia. Akasema nirudi nikiwa na jibu.

Basi nijibu. Lini?

Dada


2 Aprili

Dada,

Salamu kwa wote, na kwa huyo aliyechomwa na pini. Ghorofa ya tisa tumeimaliza, tunaelekea ya kumi. Mvua imenyesha, tukalipwa kukaa tu, nikalala kama mtoto.

Nimecheka kuhusu mjomba, lakini kucheka si kumkataa. Kila mtu alianza siku moja. Na huyo Bi Hapana wako ni dalali wa aina gani? Ni sawa na muuza nyama anayekwambia "hii imelala, usinunue." Atakula nini? Mchagua jembe si mkulima. Mimi nilipo sina nafasi ya kusubiri bibi mmoja apendezwe.

Humu chumbani tuna mtu mzima mmoja tunamwita Meya. Amejenga ghorofa kwao, picha yake ameibandika ukutani juu ya mto. Akiamka anaisalimia. Hakutumia dalali wala nini, ndugu zake walimsimamia. Tunapopumzika kula anatueleza juu ya roshani mpaka chai inapoa. Nataka na mimi niwe na kitu cha kubandika.

Mjomba ameniandikia tena. Ameipata: ghorofa moja, roshani mbele, imepakwa rangi mpya, mwenyewe anauza kwa sababu anahama. Nimemjibu kwamba nimekubali. Mpelekeni mama achague chumba.

Kuhusu lile swali, kazi huku ni nyingi.

Mdogo wako


20 Mei

Dada,

Mwezi umepita na zaidi. Mjomba haandiki. Wewe huandiki. Kwenye simu mama anasema "kila kitu kizuri" na kunipa watoto. Nani ameugua? Au nyumba imeungua? Kama mmenunua niambieni, kama hamkununua niambieni pia. Humu Meya ananiuliza kila asubuhi kama picha imefika.

Mdogo wako


3 Juni

Kifimbo,

Hakuna aliyeugua, na nyumba haikuungua. Nilinyamaza kwa sababu kila nilipoanza kukuandikia niliona ninamshitaki mjomba, nikaichana karatasi. Leo shemeji yako amenikalisha chini akasema, andika, au nitaandika mimi, na mwandiko wake unaujua.

Tulikwenda kuiona ile ghorofa: mimi, mama na mjomba. Rangi kweli mpya, bado inanuka. Muuzaji kijana nadhifu, funguo zinaning'inia kidoleni. Mjomba akapanda juu akatupungia mkono kutoka kwenye roshani kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Mama hakupanda. Aliketi kwenye ngazi ya kwanza, akaipapasa kwa kiganja, akawa anasema "nzuri, nzuri," huku macho yakiwa kwenye magoti yake.

Kuna jambo sikukuambia, naye alinikataza. Mama anatembea na fimbo tangu mwaka jana. Haumwi, anacheka na kula kama kawaida, ila ngazi kwake sasa ni jambo la kuangalia kwa mbali. Anasema ukijua hutanunua nyumba unayoipenda.

Siku ya pili yake nikamfuata Bi Hapana kisirisiri. Nikamwambia sina jibu la swali lako, lakini nisaidie kwa hii moja. Akavaa viatu vyake vya mpira tukaenda. Mwenzangu, hakuingia kabisa ndani ya ile nyumba. Hata ua hakuutazama. Aliingia duka la mkabala, akanunua sabuni, akauliza kama mtu anayepitisha wakati, "Hivi ile nyumba ya rangi mpya ni ya nani?" Mwenye duka akasema, "Ya marehemu mwalimu." Akaenda kwa fundi baiskeli, akauliza vilevile. "Ya marehemu mwalimu." Akamuuliza mama mmoja aliyekuwa anaanika nguo. "Ile? Ya marehemu."

Tukiwa njiani akaniambia, "Mwanangu, rangi inadanganya na muuzaji anadanganya, lakini mtaa hauna sababu ya kudanganya. Nyumba ni ya yule ambaye mtaa unamtaja. Umesikia mtu yeyote akimtaja kijana?" Nikasema hapana. "Basi marehemu hauzi. Wanauza warithi, tena wote pamoja. Twende tukawatafute wengine."

Hatukwenda mbali. Kwenye chumba cha uani kulikuwa na mwanamke anapepeta mchele. Mjomba alikuwa ameambiwa ni mpangaji, naye akatuambia sisi hivyo hivyo. Bi Hapana akamwamkia, akamuuliza amepanga tangu lini. Yule dada akaweka ungo chini. "Mimi nimepanga? Mimi nimezaliwa kwenye chumba hiki." Kumbe ni ndugu sita, na yule kijana ndiye kitinda mimba. Yule dada aliona rangi tu, habari ya kuuza hakuambiwa, na wenzao wanne hawana habari hata ya rangi mpya, sembuse kuuza.

Nikamwambia mjomba mbele ya mama. Alisimama, akaikaza tai yake, akasema, "Umempeleka mtu baki akanipime mimi mjomba wako?" Akaondoka na chai yake haijanywewa. Tangu siku hiyo hajaja. Mama anasema, "Mwacheni. Kaka yangu akinuna huona njaa upesi, atarudi." Lakini kila jioni anaweka kikombe chake.

Jambo la mwisho, ukitaka kukasirika kasirika. Bi Hapana aliniomba nimsomee barua zako, nikamsomea. Akasema hivi: "Nimewauzia nyumba wanaume wengi walio mbali. Anayetaka ghorofa na roshani hana haraka ya kurudi, anatafuta kitu cha kumwakilisha. Anayetaka kurudi huuliza jiko liko upande gani."

Nimeyaandika kama alivyoyasema.

Dada


30 Juni

Dada,

Nimekasirika kama ulivyoniruhusu. Nilikasirika tangu Jumatatu hadi Alhamisi. Mwambie Bi Hapana kazi yake ni kuuza nyumba, asiniuze mimi. Mtu hajaniona hata kivuli, anasikia barua zangu mbili tatu na tayari ananifungulia kifua kama kabati. Na mama naye, na wewe. Fimbo mwaka mzima, na mimi nikiuliza naambiwa anakula vizuri. Ningejua ningesema ghorofa?

Haya. Hasira imekwisha, maana kuna jambo limetokea humu.

Mkataba wa Meya umefika mwisho. Msimamizi akamwita ofisini akamwambia tiketi yake ipo, aende nyumbani, amefanya kazi ya kutosha. Sisi tukaanza kumtania, tukamwambia atuachie mto. Akarudi chumbani akasema ameomba aongezewe mkataba. Anataka kupandisha ghorofa ya pili. Nikamuuliza, Meya, ile ya kwanza nani anaishi? Akasema binti yake na wajukuu wanatumia chumba kimoja cha chini, juu wanaanika nguo. Nikamuuliza kwa utani tu, milango ya kwako inafunguka kwa ndani au kwa nje? Akaitazama ile picha. Akaitazama sana. Akasema, "Picha imepigwa ikiwa imefungwa."

Hakuna aliyecheka, dada, na humu tunaicheka hata misumari.

Basi tuseme. Mjomba mwambie sina kinyongo, mimi ndiye niliyemtuma dukani bila kumpa kikapu. Mtume mtoto mmoja akamwite, mtoto hanuniwi. Na hizo nyumba za chini alizonazo Bi Hapana, za kawaida tu, nilitaka kujua. Zina maji ndani au bomba liko uani? Mtu akiwa jikoni anaweza kumwona anayebisha hodi, au mpaka azunguke? Mama akiketi mlangoni jua la jioni linamkuta usoni au mgongoni? Choo kisiwe na kizingiti kirefu. Nauliza tu.

Mdogo wako


11 Agosti

Kifimbo,

Unauliza tu. Nilimsomea Bi Hapana barua yako hapa barazani. Nilipofika kwenye swali lako la jiko, alinyanyuka akachukua mwavuli wake. Nikamwambia sijamaliza. Akasema, "Mimi nimemaliza," akaondoka.

Sisi wote wazima. Mama ametaka nikuandikie kwamba fimbo yake ni nzuri, imechongwa kichwa cha ndege, na kwamba mimi ni mmbeya.

Sasa sikiliza. Mjomba amerudi. Watoto walikwenda kumwita, wakamkuta amekaa na tai nyumbani kwake peke yake. Alikuja na mikate miwili, akaiweka mezani bila salamu, akamwambia mama, "Kikombe changu kiko wapi?" Yakaisha. Nikamweleza uliyosema kuhusu kikapu. Akasema, "Mpwa wangu ana adabu kuliko dada yake."

Bi Hapana alikuwa na nyumba moja amekuwa akiizungukia tangu zamani. Mwenyewe ni mjane, muuguzi mstaafu, anataka kuhamia kwa binti yake lakini kila mnunuzi akija anamfukuza. Hataki kuuza kwa mtu asiyemjua. Bi Hapana mwenyewe alifukuzwa mara mbili. Mjomba aliposikia mtaa, akasema, "Huyo si mama wa kiti cha mbele?" Kumbe alipanda basi lake miaka na miaka kwenda hospitali. Bi Hapana akaenda naye. Bi Hapana anasimulia kwamba mjomba aliketi, akaanza, "Mama, kituo chako kimefika hukushuka," na yule mjane akacheka mpaka akatafuta leso. Waliongea asubuhi nzima. Mlango ukafunguliwa.

Hapo Bi Hapana akaanza kazi yake. Aliniita tukaenda siku ya mvua kubwa, makusudi, tukasimama kila chumba tukitazama dari. Aliuliza mtaani kote nyumba ya nani, na wote walimtaja yule mjane, yuko hai na anawapungia mkono. Ofisi ya ardhi akaenda mwenyewe na mwenye nyumba, akahakikisha hati ni yake na hakuna mtu mwingine anayeidai. Watoto wa mjane akataka awaone wote kwa macho. Wapo wawili tu, wamekuja, wamekubali.

Nyumba haina ngazi hata moja. Vyumba vitatu. Jiko liko upande wa uani, lakini mlango wa mbele na wa nyuma inatazamana, kwa hiyo ukiwa unakoroga uji unamwona anayebisha. Maji yako ndani. Jua la jioni linaingia kwa ubavu, mama amelijaribu, amekaa hapo mpaka tukamsahau. Mabaya yake: mlango wa chumba cha kati unakwama mvua ikinyesha, na mbele kuna shule, asubuhi kelele zake usiombe. Bi Hapana ameyataja yote hayo mbele ya mwenye nyumba bila haya.

Halafu akasema, "Ndiyo." Mjomba alishika ukuta. Jioni hiyohiyo Bi Hapana akamwambia, "Wewe una mdomo, mimi nina masikio. Njoo tufanye kazi pamoja, lakini hiyo tai uivue, inawatisha wajane." Ameivua. Sasa anatangaza nyumba kwa sauti ya chini, inamtesa sana.

Kila kitu kimekwisha, hata malipo kutoka kwenye akiba yako ninayokutunzia, isipokuwa funguo. Bi Hapana anazo na hataki kunipa. Mama alizinyooshea mkono, naye akamwambia kwa heshima, "Shikamoo mama, hapana." Anasema kuna vyumba vitatu: kimoja cha mama, kimoja cha wageni, na kimoja hajaambiwa mwenyewe anafika lini. Hamkabidhi mtu nyumba ambayo haina mtu.

Kwa hiyo ni swali lilelile.

Dada


5 Septemba

Dada yangu,

Barua yako nimeisomea juu ya jukwaa wakati wa mapumziko, nikaisoma tena kitandani, kisha nikamsomea Meya ile sehemu ya milango inayotazamana. Akaniomba nirudie. Kesho yake nilimwona anaandika, naye si mtu wa kuandika. Picha bado iko ukutani, ila nasikia amewauliza watoto wake habari za milango.

Mimi nitakwambia kitu ambacho sikutaka kukiandika. Niliogopa watu. Mtu anaondoka anaagwa na mtaa mzima, anakaa miaka sita, anarudi kwenye nyumba ya vyumba vitatu iliyo mbele ya shule. Nilikuwa nawasikia wakisema, "Yule alikuwa huko akifanya nini?" Nikasema afadhali nitangulize ghorofa iwajibu kwa niaba yangu, mimi nitafuata siku za mbele. Siku za mbele zilikuwa hazina tarehe. Huyo bibi alisikia hilo kwenye karatasi, na mimi niliyeandika sikulisikia. Sasa naelewa kwa nini hafi njaa.

Jumatatu nilikwenda kwa msimamizi. Nikamwambia mkataba wangu ukiisha usiongezwe. Akaniuliza kama nimepata kazi nzuri zaidi. Nikamwambia nimepata mlango unaokwama. Hakuelewa, lakini aliandika.

Mwambie mjomba asiurekebishe. Huo ni wangu. Kelele za shule pia msihangaike nazo, mimi nimelala miaka sita na watu saba wanaokoroma, watoto wanaoimba hesabu watanibembeleza. Mama mwambie chumba chake asimpe mtu kwa huruma yake. Shemeji mwambie viatu nimeviona dukani, anitumie namba ya mguu, asikisie.

Na Bi Hapana mpe jibu lake, umsomee polepole. Mkataba unaisha mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Tiketi nimeishika mkononi. Nitatua Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili, na mchana wa siku hiyo nategemea kubisha hodi mlango wa mbele. Atakayekuwa jikoni ataniona.

Mdogo wako